Kituo chetu cha afya huku Micheweni, Pemba: nyota nne, zote za manesi

Mtoto wa dadangu alikuwa anakojoa damu tukampeleka kituoni. Nesi akapima mkojo, kichocho, akamsimamisha kwenye ule mti wa kupimia urefu ajue vidonge vingapi, prazikwanteli, akauliza kwanza keshakula maana ukimeza na njaa inachafua tumbo.

Ingeishia hapo ningetoa nyota tatu. Lakini akakaa nae. "Mwanangu unaoga wapi?" Mtoni. "Bi, choo nyumbani mnacho?" Hatuna. Akamfahamisha dada taratibu kwamba dawa inaua minyoo ilokuwemo mwilini lkn haimkingi akirudi maji yale yale, konokono wa mtoni anaambukizwa na mkojo wetu wenyewe kisha anatutilia sisi minyoo kwenye maji, na jina letu akaliandika ili sheha, kiongozi wetu wa mtaa, ajue nyumba zisizo vyoo. Huo ndo uuguzi jamani! Tume ya Shirika la Afya Duniani iloongozwa na Michael Marmot ilisema kwenye ripoti ya 2008 kwamba hali tunazozaliwa na kuishi nazo ndo zinaleta tofauti kubwa za afya, na ilisema kuwatibu watu kisha kuwarudisha kwenye hali ile ile ilowaumiza hakufai. Nesi yule anaifanyia kazi.

Nyota moja nimeizuia kwa ajili ya uchache wao, nesi mmoja kwa foleni ile ni dhulma kwake na kwetu, waongezwe.

Nendeni asubuhi mapema, na mtoto ale kabla.