Kokoto za njia ya gari nyumbani: ipi ununue kwanza na ipi uiache

Masika ya pili baada ya kuhamia kwetu, gari lilikwama ndani ya uzio, hatua chache kutoka kibarazani, mama akiwa kiti cha nyuma tukimwahisha hospitali. Tulimbeba mikononi hadi barabarani. Pale lilipozama palikuwa na tripu nzima ya kokoto za nusu inchi, safi kabisa, nilizozimwaga mwaka uliotangulia moja kwa moja juu ya udongo. Nilipofukua baadaye nilizikuta zote chini, zimemezwa. Kila gurudumu lililopita lilizididimiza kidogo na kupandisha tope kidogo.

Tangu hapo mtu akiniuliza anunue kokoto gani, namuuliza kwanza chini kuna nini na maji yanakwenda wapi. Kinachobeba gari ni udongo, mradi ubaki mkavu. Mskoti John Loudon McAdam, aliyezaliwa 1756 na kufariki 1836, alijenga barabara zake kwa msimamo huo: inua njia, iondolee maji, tandika mawe yaliyopasuliwa. Kwa uwanja wa nyumbani sijaona kanuni iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende chini. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Shinyanga au upande wa Embakasi na Athi River, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo uchimbe angalau sm 30, uutoe kabisa, usiusambaze pembeni. Mchanga wa sehemu nyingi za Dar es Salaam hupitisha maji vizuri ila hauna mshiko. Hapo sm 20 hadi 25 zinatosha. Kabla ya jiwe lolote, tandika kitambaa cha ujenzi cha kutenganisha udongo na mawe. Kinaruhusu maji kupita na kuzuia tope lisipande. Usitumie nailoni, maana maji yatatuama juu yake. Viroba navyo hupasuka na kuacha mapengo.

Juu ya kitambaa yaje mawe ya msingi yaliyopondwa, ya ukubwa wa ngumi, unene wa sm 10 hadi 15. Kifusi cha nyumba iliyobomolewa kinafaa pia na ni nafuu, ila kichambue misumari, mbao na vigae. Kisha safu ya kati, sm 10, na hii ndiyo mafundi wengi huiruka. Inatakiwa mchanganyiko: kokoto kubwa, ndogo na vumbi lake pamoja, kama zinavyotoka kwenye mashine kabla ya kuchekechwa. Vumbi hujaza mianya, maji kidogo hulishikamanisha, na ukishindilia inakuwa ngumu karibu kama zege. Kodi kompakta, mashine ya kushindilia, kwa siku moja. Shindilia kila safu peke yake, isizidi sm 15 kwa mkupuo, ukinyunyiza maji mpaka inyevuke bila kuwa tope. Katikati ya njia pawe juu ya kingo kwa sm 3 hadi 5, maji yateremke pande zote mbili na kuingia mtaroni.

Sasa safu ya juu, ile inayoonekana. Naziweka kwa mpangilio huu.

Ya kwanza, bila ushindani, ni kokoto ngumu ya mashine, kati ya nusu inchi na robo tatu. Wanaojenga Dar na Pwani wanazijua za Lugoba. Zina kona kali, zinaumana zikikanyagwa, hazisagiki. Chini ya milimita 10 zinanasa kwenye matairi na kuishia sebuleni. Zikizidi inchi moja zinamsumbua mzee mwenye fimbo na mtoto anayekimbia. Unene uwe sm 5 tu. Wengi huongeza wakidhani ndiyo uimara, kumbe gurudumu huogelea humo na njia inageuka mifereji miwili. Kwa wasomaji wa Nairobi, hii ndiyo balasti yenu, ila mwambie muuzaji unataka iliyochekechwa, isiyo na vumbi.

Ya pili ni moramu nzuri, ule udongo mwekundu wenye changarawe. Ni rahisi kupatikana na ikishindiliwa vizuri hubeba lori. Kiangazi inatoa vumbi jekundu linaloshika kuta na nguo kwenye kamba, na mvua kubwa huichimba. Kwa mwenye bajeti ndogo naipendekeza kwa moyo mweupe, na siku ukipata nafasi unaweka kokoto juu yake bila kuanza upya. Ipime mkononi: lowesha konzi moja, finya, kisha jaribu kuiviringisha iwe kamba. Ikikubali kuwa kamba ndefu laini kama mfinyanzi, iache. Ina udongo mwingi na itateleza.

Ya tatu ni kokoto za mawe ya chokaa na matumbawe, zikiwemo zinazopondwa kwa nyundo. Nawaheshimu sana akina mama wanaokaa juani kuzivunja, na ningependa wauze. Nunua kwao mawe ya safu ya chini, ambako hayasuguliwi na tairi. Juu, jiwe hili husagika taratibu, mvua ikinyesha unga wake unakuwa uji mweupe unaoingia ndani na viatu, na mchana mwanga wake unaumiza macho.

Ya mwisho ni zile kokoto za mviringo, za mtoni au za mapambo. Zinauzwa ghali na kwenye picha zinavutia, lakini jiwe la duara halina pa kushika. Linaviringika chini ya tairi, na kwenye mteremko lote litakuwa getini baada ya mvua chache. Liweke kwenye bustani.

Kokoto yoyote utakayochagua inahitaji kingo: tofali za sementi zilizozikwa nusu, au mawe yaliyopangwa kwa chokaa na sementi. Bila kingo kila mwaka unapoteza sehemu ya ulichonunua kwenye majani.

Hesabu yake si ngumu. Njia ya mita 12 kwa 3 ni mita za mraba 36. Mawe ya chini sm 15 ni mita za ujazo 5.4. Safu ya kati sm 10 ni 3.6, ongeza robo kwa sababu itashuka ikishindiliwa, ifike 4.5. Ya juu sm 5 ni 1.8, sawa na takriban tani 2.7, maana mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa karibu tani 1.5. Usinunue kwa neno "tripu". Tripu ya gari moja si tripu ya lingine. Pima bodi la tipa kwa utepe wa kupimia kabla halijamwaga, urefu, upana na kina cha mzigo wenyewe, ukiwa na dereva hapo hapo. Chota kokoto kiasi uzitie kwenye ndoo ya maji: maji yakiwa tope zito, mzigo una udongo, na una haki ya kuukataa ukiwa bado juu ya gari.

Na usiagize safu zote siku moja. Weka ya chini na ya kati, shindilia, kisha pitisha gari juu yake mpaka mvua moja kubwa inyeshe. Toka ukiwa na mwamvuli uangalie madimbwi yanakaa wapi, uweke vijiti. Jua likiwaka jaza mabonde hayo kwa mchanganyiko ule ule, shindilia tena, ndipo umpigie dereva akuletee ile ya juu.