Shokapu za Bilstein B6 kwa Gari la Michezo la Kila Siku

Shokapu za awali zilipoanza kuvuja mafuta, na gari likawa linaendelea kudunda baada ya kila tuta, nilichagua Bilstein B6, kwa kuwa zimeundwa kufanya kazi na springi za kiwandani, ilhali B8, aina nyingine ya Bilstein, ni fupi zaidi na hufaa gari lililoshushwa kwa springi fupi. Ndani yake mna silinda moja ambamo pistoni inayoelea hutenganisha mafuta na gesi yenye shinikizo kubwa, hivyo mafuta hayafanyi povu kirahisi hata yakipata joto, na uwezo wa kutuliza springi haudhoofiki katika safari ndefu yenye kona nyingi. Hapo ndipo nilipozipenda kwa dhati: gari huinama konani taratibu, bila kuyumba, nao usukani hujibu mara moja. Hata hivyo, katika mwendo mdogo mashimo madogo husikika zaidi kuliko zamani, na anayembeba mzazi mwenye maumivu ya mgongo alizingatie hilo. Huyo huenda akafaidika na Koni Sport, shokapu za kampuni nyingine, ambazo ukali wake zinaporefuka unaweza kurekebishwa. Nilibadilisha zote nne, pamoja na raba za juu zilizochakaa, kisha nikafanya alaimenti, yaani kurekebisha mkao wa magurudumu.