Kukri mbili kihambani: moja imevunjika, ya pili bado inakata

Kukri ni kisu kikubwa kilichopinda, cha Nepal. Hii ya pili niko nayo hapa kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, tangu masika ya mwaka jana, kwa hiyo sasa naweza kuisemea. Ya kwanza habari yake ni fupi: ilikatika.

Hiyo ya kwanza niliiagiza mtandaoni. Ilikuja inang'aa kama vijiko vya harusini, na muuzaji aliandika kwamba haishiki kutu. Nikaona nimepata, maana sisi wa Kibosho, huku Kilimanjaro, mvua ikianza haijui kuacha. Wiki ya tatu nilikuwa napunguza matawi makavu ya mringaringa yaliyoning'inia juu ya migomba. Pigo la sita au la saba, nikabaki na mpini mkononi. Ubapa ulirukia kwenye masale, ule ua wa mpakani kwa jirani. Namshukuru Mungu watoto walikuwa shule. Nilipoupasua mpini nikakuta mkia wa chuma uliomo ndani ni mwembamba kama msumari wa inchi nne, tena umeungwa kwa kulehemu. Picha ya dukani ilionyesha kila kitu isipokuwa hapo.

Lakini hata bila huo mkia, makali yalikuwa yameshatoka mapengo mawili. Chuma kisishike kutu, lazima kiwe na kromi nyingi, kuanzia asilimia 10 na ushei. Kwa kisu cha jikoni ni raha tupu. Kitu kirefu cha kupigia mti ni habari nyingine: kinatakiwa kipokee pigo, kitetemeke, kirudi kilivyokuwa. Ndiyo maana wahunzi wa Nepal, kwenye asili ya kukri, wamezoea springi za magari makubwa. Chuma cha namna hiyo kinachotajwa sana ni kile cha namba 5160: kaboni kama asilimia 0.6, kromi haifiki hata 1. Kutu kinapata, tena upesi. Ila kazi yake tangu mwanzo ni kubeba lori la mchanga kwenye mashimo, tawi la mringaringa litakifanya nini?

Kukri yangu ya pili ni ya springi, imefuliwa hukohuko Nepal. Ubapa inchi 11, mgongo unene wa milimita 9, uzito karibu gramu 800 bila ala. Mkia wake ni mpana, unapita mpini wote hadi mwisho, unauona kwa macho kule pembeni, na umebanwa kwa pini mbili. Wahunzi wa kule kwa desturi hawaupozi ubapa mzima. Ukishaiva moto, wanamimina maji ya birika kwenye makali tu ili yawe magumu, mgongo unabaki laini. Niliijaribu kwa tupa: kwenye tumbo la makali tupa inateleza, mgongoni inang'ata. Kwenye ncha nako inang'ata kidogo. Siku niliyokosea nikapiga jiwe la ukingo wa mfongo (mfereji wa maji), ncha ilipinda badala ya kumeguka. Dakika kumi za tupa zikatosha.

Ala ilikuja na visu viwili vidogo. Kimoja hakina makali kabisa, nikadhani nimeibiwa tena! Kumbe ni cha kusugulia makali ya mama yao.

Sasa kero zake. Utomvu wa mgomba unaigeuza nyeusi, na ukilala nayo bila kuifuta, asubuhi unakuta madoa ya kutu. Mafuta ya kula yanaganda yakanata, mimi natumia ya cherehani. Ala ya ngozi inashika unyevu, kwa hiyo kukri naitundika ukutani ikiwa wazi. Nyingine ni mkono: nusu saa tu kiwiko kinauma. Na kwa kukatakata migomba ya ng'ombe, panga la kawaida linaishinda mbali. Mgongo ule mnene unapasua mgomba badala ya kuukata. Mimi kukri naitoa kwa ajili ya matawi, visiki vya kahawa na kuni tu.

Jirani yangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Mangi, hilo panga limepata ajali?" Siku hizi anaiazima, na nalazimika kuifuata mwenyewe.

Vipande vya ile ya kwanza nilimpelekea mhunzi mmoja mzee kule Mamba, nikitaka anitengenezee kisu kifupi. Alikigonga kile kipande kwenye fuawe, akasikiliza, akanirudishia. "Hiki kijana wangu kapigie picha. Ukitaka nikufulie kitu, niletee springi ya gari." Springi nimeshapata gereji moja pale Majengo, imelala nyuma ya zizi. Nasubiri mvua zikatike nimpelekee.