Makindu Sikh Temple: msafiri wa Mombasa road, simama hapa ule

Naipa nyota 5 na nataka nieleze vizuri kwa nini, manake nikisoma maoni ya watu kuhusu hapa naona wengi wanaandika tu "chakula bure, kitamu, asanteni" alafu basi, wamepita. Ile sababu ya kuwa bure ndo kitu chenyewe. Mtu anaweza kusimama hapo miaka na miaka, anakula, anakunywa chai, anaenda zake, na asijue hata siku moja kwamba lile sinia aliloshika mkononi ni ibada ya watu.

Kwanza mahali. Makindu iko kaunti ya Makueni, ukitoka Nairobi ni kama kilomita 160 na kidogo, unapita Sultan Hamud, Emali, Simba, Kiboko, ndo hapo. Ukitoka Mombasa ni baada ya Mtito Andei na Kibwezi. Huwezi kupotea, utaona kuba nyeupe na ile bendera ndefu ya Makalasinga (ndo Masikh hao), Nishan Sahib, inapepea juu. Bendera hiyo maana yake ni kwamba hapa pana gurdwara, yaani hekalu lao, na penye gurdwara mgeni hakosi chakula wala pa kupumzika. Haijalishi wewe ni wa dini gani, na hakuna anayekuuliza. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, navaa buibui langu, na hakuna siku nimeangaliwa vibaya pale, wallahi.

Ukifika unavua viatu, unanawa, alafu unafunika kichwa. Wanaume pia jamani, sio wanawake peke yao! Vitambaa viko hapo hapo vya kujifunga, kepu ya besiboli haihesabiki. Kwa sisi wa mtandio tayari tushamaliza. Sigara, tumbaku na pombe haviingii kabisa, na miraa na mogoka pia viacheni kwa gari, hawa watu dini yao imekataza kitu chochote cha kulevya kwahivo usiwadharau kwa kuingia na kifurushi chako mfukoni eti hawajaona.

Sasa wengi wakishafunika kichwa wanakimbilia jikoni moja kwa moja. Sio vibaya, ukiwa na njaa nenda. Lakini nakushauri ingia kwanza ukumbi wa ibada ukae hata kidogo, manake usipoona kule huku hutaelewa. Ndani hakuna sanamu. Watu wengi kwetu wakiona Muhindi wanadhani ni Baniani, na wakiona kilemba wengine wanadhani ni shehe, na hawa sio hao wala sio hao. Wanaamini Mungu mmoja asiye na umbo. Kilichoko pale mbele, juu ya kitanda cha heshima chenye mito na mashuka mazuri na pazia juu yake, ni kitabu. Guru Granth Sahib, kurasa 1430. Utaona mtu amekaa nyuma yake anakipungia usinga, ule wa manyoya, kama vile zamani mfalme alivyokuwa akipungiwa, na usiku kinafungwa kinapelekwa kulazwa kwenye chumba chake, alfajiri kinarudishwa kinafunguliwa. Hawakiabudu, nimeelezwa hilo na mzee mmoja wa pale kwa utulivu kabisa, ila kwao kile ndo guru, yaani mwalimu wao wa dini, aliye hai. Walikuwa na maguru kumi wa kibinadamu, wa kwanza Guru Nanak aliyezaliwa 1469 huko Punjab, wa mwisho Guru Gobind Singh, na yeye kabla ya kufariki 1708 akasema hakuna tena guru wa mtu, kuanzia sasa guru ni hiki kitabu.

Na jambo ambalo mimi kama Muislamu lilinigusa sana: ndani ya kitabu hicho mna mashairi ya Sheikh Farid, walii wa Kisufi wa Punjab, na ya Kabir, mshairi mfumaji wa India, na ya watu wa tabaka za chini za Kihindu ambao enzi zile hata hekaluni walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Hawakuchukua maneno ya watu wao tu. Yaani maneno ya Muislamu yanasomwa kwa heshima yote kwenye ibada ya Makalasinga, hapa hapa Ukambani, na sisi tunapita na basi kila Disemba hatujui.

Hulazimishwi kusujudu. Kaa chini kwenye zulia, usinyooshe miguu kuelekea kwenye kitabu, tulia, sikiliza ule uimbaji na ngoma za tabla, toka taratibu. Wanaweza kukupa parshad, kile kitu cha moto cha ngano, samli na sukari, ni laini kuliko halua yetu na samli imekolea haswa, unapokea kwa viganja viwili ukiwa umekaa. Wapo Waislamu na Wakristo wasiokula hicho kwa sababu kimesomewa dua ya dini nyingine. Kila mtu na imani yake, ukiwa hutaki sema kwa adabu "asante, sitachukua", hakuna atakayekasirika, ila usipokee alafu ukakitupa nje. Nimeona mtu akifanya hivo na roho iliniuma.

Haya, jikoni. Langar ndo inavyoitwa. Unachukua sinia la chuma lile lenye vyumba vyumba, unapita kwenye foleni. Siku nyingi ni dengu nzito, mboga, wali, chapati, mtindi, achari, na chai ya maziwa ya kutosha. Dengu yao sio ile ya maji maji ya hoteli za stendi, hii imechemka mpaka imefungana, tangawizi unaisikia, dania mbichi juu. Chapati ni nyembamba, zinatoka jikoni zinafuka moshi, zimepakwa samli kidogo upande mmoja tu, na wewe ukimaliza mbili anapita mtu na kapu anakuuliza tena. Sufuria zile hujawahi kuona, zinakorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia! Na Kikamba kinasikika jikoni kote manake wengi wanaofanya kazi pale ni wenyeji, alafu ghafla unaona mama wa Kisikh aliyevaa bangili za dhahabu ametoka Nairobi na gari lake zuri, amekaa anasukuma chapati pamoja nao, jasho linamtoka. Hajalazimishwa wala halipwi. Wao wanaita seva, kutumikia watu kwa mikono yako mwenyewe, na kwao hiyo ni ibada sawa na kusali. Mtu tajiri anaweza kupewa kazi ya kupanga viatu vya wageni pale mlangoni na akashukuru.

Hii habari ya kulisha watu ilianza na Guru Nanak mwenyewe. Inasimuliwa kwamba baba yake alimpa rupia 20 akafanye biashara yenye faida, njiani kijana akakutana na watawa wenye njaa, akazimalizia zote kuwanunulia chakula, na alipoulizwa akasema hakuna biashara ya faida kuliko hii. Alafu guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti kwamba yeyote anayetaka kumuona lazima kwanza akae chini kwenye mstari ale na watu wote. Wanasimulia hata mfalme Akbar wa Mughal alipokuja alikaa chini akala. Kwa sisi hilo ni jambo dogo lakini kwa India ya wakati ule ilikuwa ni kuvunja mila kabisa, manake mtu wa tabaka la juu hali chakula kilichopikwa na wa tabaka la chini, wala hakai naye mstari mmoja. Kwahivo huo mstari unaokaa Makindu, wewe, dereva wa lori, mtalii wa Kizungu, na familia nzima ya Kihindu iliyotoka Nyali, ulitengenezwa makusudi zaidi ya miaka 450 iliyopita ili mkubwa na mdogo wasitofautiane.

Swali ninaloulizwa kila mara na watu wa kwetu ni hili, je tunaweza kula? Chakula cha langar hakina nyama, samaki wala mayai. Hapa nimefikiria sana. Makalasinga wenyewe wengi wanakula nyama majumbani, sio kwamba dini yote imekataza. Na nikwambie kitu ambacho wengi hawajui, Msikh aliyebatizwa, yule wa Khalsa, jumuiya ya waliobatizwa iliyoanzishwa 1699, mwenye nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula ya ndani na kile kisu, haruhusiwi kula nyama iliyochinjwa kwa taratibu za dini, na hiyo ni pamoja na halali yetu. Na mimi siruhusiwi kula isiyochinjwa hivo. Kwahivo mkileta nyama mezani mimi na yeye hatuwezi kula sahani moja hata tupendane vipi. Baniani naye ng'ombe hali. Msabato ana nyama zake anazoziacha na wengine wao hawali nyama kabisa. Mkatoliki yuko kwenye Ijumaa ya Kwaresma. Ukiweka dengu, wote hao wanakaa. Ndo maana jikoni hakuna nyama, sio ubahili, ni ili asibaki mtu amesimama nje. Wachache tu bado itawabidi waulize, kwa mfano Wajaini wanaofuata dini yao sawasawa hawali viazi, vitunguu wala kitunguu saumu, na Muorthodoksi wa Ethiopia akiwa kwenye mfungo hagusi maziwa wala samli.

Nani analipa? Wao wenyewe. Dini yao imesimama juu ya mambo matatu: kumkumbuka Mungu, kufanya kazi kwa halali, na kugawana unachopata, na wengi hutoa sehemu ya kumi ya kipato. Sisi tuna zaka, na msafiri aliyekwama njiani ametajwa kabisa kati ya wale 8 wanaostahili kupewa, kwahivo nilipoelewa mpango wao nilijisikia niko nyumbani. Swali nililobaki nalo na bado ninalo, kwa nini kwenye njia hii yote sisi hatuna jiko kama hili lililo wazi kwa kila mtu mwaka mzima? Ramadhani tunafuturisha na Mungu atakubali, misikiti ya barabarani inapokea wageni kuswali, lakini sufuria ya kila siku kwa mpita njia yeyote, Muislamu na asiye Muislamu, hiyo tumewaachia wao. Nalisema kwa uchungu na kwa kupenda watu wangu.

Historia kwa ufupi: reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu ilijengwa 1896 hadi 1901, wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, Masikh, Wahindu na Waislamu wa Punjab, na Makindu ikawa kituo cha kazi. Gurdwara hii ilijengwa 1926 na Masikh wa reli. Wanasimulia kwamba kabla ya hapo watu wa dini zote walikuwa wakikusanyika jioni chini ya mti kila mmoja akimtaja Mungu wake, na mimi naamini, manake ukiwa porini na simba wa Tsavo wanajulikana hautachagua wa kukaa naye.

Vyumba vya kulala vipo, ni vya kawaida, safi, na ni bure pia. Ni vya msafiri aliyechoka au gari limeharibika, sio vya kufanyia likizo. Vyoo mara zote nimekuta visafi kuliko hoteli za kulipia. Bustani nayo ina kivuli, watoto wanatulia.

Nikikata maksi nazikata kwetu sisi wageni. Watu wanajaza sinia mpaka linamwagika, wanaacha nusu, wakati ukiongezwa mara tano hakuna anayekuhesabu! Chukua kidogo kidogo. Makundi ya harusi yanashuka na spika inalia, mwenzio ndani anasoma kitabu chake kitukufu. Mwingine anamsogezea mzee wa watu simu usoni apige naye selfi kwa sababu ya kilemba, hata salamu hajatoa. Na kuna wale wanaotoka bila kuangalia lile sanduku la mchango. Sio lazima kweli, masikini asione haya kula, chakula hiki ni chake pia. Lakini wewe uliyetoka na V8 na umekula na watoto wanne, na ungesimama hotelini ungelipa elfu mbili na zaidi, tia kitu. Huna pesa, beba masinia ukasaidie kuosha, wanakubali na wanafurahi sana.

Nani asije: anayetaka nyama, anayetaka kufungiwa chakula aende nacho, na asiyetaka kuvua viatu. Anayekuja siku za sikukuu zao, kama Baisakhi mwezi wa nne au kuzaliwa kwa Guru Nanak ambako huangukia mwezi wa kumi na moja, ategemee umati na foleni ndefu, ila pia ndo siku utasikia uimbaji mzuri kuliko siku zote. Kwa utulivu fika asubuhi, chai inakuwa tayari, na ukitaka chumba uliza ofisini mapema kabla mabasi ya jioni hayajaanza kushusha watu.