Kuhesabu Jozi au Kuchambua Mawimbi

Kuna njia mbili za kupima jinsi galaksi zinavyojikusanya angani. Ya kwanza huhesabu jozi za galaksi zilizotengana kwa umbali fulani na kuzilinganisha na jozi za nukta zilizotawanywa kibahati ndani ya mipaka ileile ya anga, hivyo mapengo ya ramani hayaisumbui sana. Ya pili huuchambua msongamano wa galaksi kama mawimbi ya urefu mbalimbali. Mwaka 2005 timu ya SDSS (mradi wa kuchora ramani ya galaksi), kwa jozi, iliona kwenye grafu kinundu kimoja, yaani ziada ya jozi, kwenye umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 500, alama ya mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga; timu ya 2dF, mradi mwingine wa aina hiyo, kwa mawimbi, iliiona alama hiyohiyo kama mfululizo wa vilima vidogo. Kinundu husomeka kwa urahisi zaidi, lakini makosa ya vipimo vyake vya umbali tofauti hufungamana mno, ilhali makosa ya vipimo vya mawimbi marefu karibu hujitegemea. Ndiyo maana naipendelea ya pili.