Printa ya Brother HL-L2350DW kwenye Ubuntu: tathmini kutoka Kigoma

Kwa kazi za steshenari yetu hapa Mwanga, Kigoma, ambako kompyuta zote zinatumia Ubuntu (mfumo endeshi wa aina ya Linux), printa ya leza ya Brother HL-L2350DW imeniridhisha sana. Sababu kubwa ni kwamba inatumia AirPrint, teknolojia ya Apple ya kuchapa bila waya, hivyo mfumo wa CUPS, ambao ndio unaosimamia uchapaji katika Linux, huitambua kupitia Wi-Fi bila kusakinisha draiva yoyote (programu ya kuiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa), na hilo ni jambo la thamani kwa anayetegemea bando la simu. Printa nyingine za bei nafuu, HP LaserJet P1102 ikiwamo, huhitaji programu ya ziada isiyo huria, ambayo lazima ipakuliwe kwanza. Kwa sababu hiyo nisingemshauri mtu aichague HP hiyo kwa bei peke yake.

Printa hii huchapa pande zote mbili za karatasi yenyewe, na mitihani ya shule hutoka myeusi na safi. Haina rangi wala skana. Tona (wino wa unga) na dramu (silinda inayohamishia wino huo kwenye karatasi) hubadilishwa kila kimoja kwa wakati wake, kwa hiyo mnunuzi aulizie upatikanaji wa vyote viwili kabla hajalipa.