Asumini ya chupa na ulimi wa muuzaji wake

Nianze na duka, maana hapo ndipo nyongo ilipopanda. Muuzaji wa manukato anayemwambia mteja mbele ya watu, "Dadangu, wewe huna pua, wewe zowea zile za kupuliza za supamaketi," hastahili shilingi ya mtu. Duka liko Mji wa Kale, Mombasa, na zaidi ya hapo sisemi.

Kisa chenyewe ni swali la kawaida kabisa kuhusu manukato yao ya asumini, mlangilangi na msandali. Mbona chupa hii ina ukungu? Ya mwanzo ilikuwa rangi ya kaharabu, ukiielekeza dirishani mwanga wapita. Hii mpya ni kama maji yaliyooshewa mchele. Akanijibu bila hata kuishika, "Ukungu ndio dalili ya asili," kisha ndipo likafuata hilo la pua.

Kinachoudhi ni kwamba alisema nusu ya kweli. Asumini haifanyi kama waridi au mlangilangi, ambayo waweza kuyakeneka, yaani kuyapitisha mvuke kisha kuupoza, ukapata mafuta. Ukiikeneka asumini peke yake hupati cha maana. Harufu yake hutolewa kwa kimiminika kinachoyeyusha mafuta na nta ya ua kwa pamoja, halafu nta hutengwa kwa spiriti iliyopozwa sana. Nta haiishi yote. Manukato yakichujwa na joto letu hili la kaskazi, nta hiyo hupita kwenye karatasi bila kuonekana. Ukiyapeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi, inaganda na chupa inaingia ukungu. Fundi makini huyatia kwenye friji usiku kucha na kuyachuja yakiwa bado baridi, papo hapo. Asipofanya hivyo si dhambi, na kweli ukungu wa namna hiyo ni wa asili.

Lakini huo hujulikana upesi. Shika chupa kwenye kiganja dakika tano, au iache juu ya meza mchana wa Mombasa. Ukiwa wa nta, utaondoka. Huu wangu haukuondoka. Ukungu usioyeyuka kwa joto mara nyingi ni maji yaliyozidi, na maji hayaoti kwenye mlangilangi, mtu huyamimina.

Hesabu yake haina siri. Katika mililita 100, tuseme mafuta ni 18, spiriti safi ya asilimia 96 ni 78, na maji 4. Maji hupunguza ukali wa spiriti na kuifanya harufu ipande polepole, lakini hutiwa mwisho, tone kwa tone, huku ukitikisa, na mkono husimama kabla ya weupe kuonekana. Ukizidisha, nguvu ya spiriti hushuka, na baadhi ya mafuta hushindwa kuyeyuka, yakabaki yamening'inia vitone vitone. Ndio weupe ule. Anayezidisha maji ama ana haraka, ama anataka chupa tisa zitoke kumi. Na yawe maji yaliyokenekwa. Maji ya betri yanafaa ukiwa na hakika si asidi; ya bomba yetu yenye chumvi hayafai hata kidogo.

Sasa niseme ilivyo yakiwa sawa, ili ieleweke kwa nini nina hasira. Manukato haya ni yule mama anayefika arusini wageni wote wakishakaa. Hapigi kelele. Buibui lake limefukizwa udi, hina ya mkononi imeanza kufifia, na watu humpisha bila kuombwa. Dakika za mwanzo ni mlangilangi, utamu mzito wenye kitu cha ndizi mbivu ndani yake. Naamini wametumia sehemu ya kwanza ya ukenekaji, ile itokayo saa za mwanzo, kwani ya mwisho ina ukavu na huishia kwenye sabuni. Baada ya robo saa asumini husogea mbele, na hapo wengi hukimbia. Asumini ya kweli ina ubaya ndani yake. Ina indoli, harufu ya zile dawa nyeupe za kufukuzia wadudu kabatini, ambayo ikizidi yanuka choo. Ikiwa kiasi, ndiyo inayompa mama huyu ulimi. Toa indoli ubakiwe na msichana mwenye adabu asiye na la kusema, kama zilivyo asumini nyingi za dukani. Huyu analo la kusema, ila analisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, na aliyelengwa analipata. Kisha msandali, muda mrefu, karibu na ngozi. Kwenye leso harufu hulala na kuamka nayo.

Chupa mpya imemharibu mama wa watu. Kaja mapema, kacheka sana, kashika kila mtu bega. Spiriti yachoma pua kupita dakika nzima, mlangilangi uko kivyake, asumini kivyake, msandali hauonekani. Hiyo ni alama ya manukato yasiyopumzishwa. Yakishachanganywa yanataka wiki nne hadi sita gizani, mahali pa baridi, ndipo yashikane. Msimu wa arusi ukifika foleni huwa mpaka nje, na mtu hujaza chupa leo akaziuza kesho. Chema chajiuza, walisema wahenga; hawakusema mwenye nacho atukane watu.

Nikiwa hapo nilikuwa tayari kuandika nyota moja na kuondoka. Tatizo ni kwamba chupa yenyewe inatengenezeka.

Kifuniko chao ni cha kuzungusha, hilo nawasifu, maana chupa zilizobanwa shingoni hazifunguki bila koleo. Chukua bomba la sindano kutoka duka la dawa, tia spiriti ya manukato nusu mililita, tikisa, ngoja. Rudia. Kwa chupa ya mililita 30, mililita moja au mbili hutosha kurudisha uwazi. Ikipita hapo na bado ni nyeupe, wacha, utakuwa unazimua harufu bure. Usitumie ile spiriti ya kusafishia vidonda. Mara nyingi ni ya asilimia 70, yaani unaongeza maji juu ya maji, na yaweza kuwa na vitu vyengine ndani. Wala usipashe chupa karibu na jiko, itakuwasha wewe. Baada ya hapo ifunge kwa karatasi na uitie kabatini, si kwenye dashibodi ya gari na si kwenye dirisha la bafuni, na uisahau zaidi ya mwezi.

Yangu imerudi. Si kamili, mlangilangi bado umetangulia kidogo kuliko chupa ya kwanza, lakini mama amekaa chini na ameanza kusikiliza. Na hapa hasira yanipanda upya. Bei ile ni ya kazi iliyokwisha. Kwa nini mnunuzi ndiye amalizie?

Kwa hivyo manukato nayapa nyota nne, ningeyapa tano. Duka halipati hata nusu. Ukienda, elekeza chupa kwenye mwanga kabla ya kutoa pesa, iwe imekaa nje ya kiyoyozi kwanza. Pulizia karatasini na uhesabu mpaka sitini. Spiriti ikiwa bado yachoma, omba chupa ya nyuma ya rafu, ile yenye vumbi. Vumbi hapa ni sifa. Wakikupa mafuta matupu yasiyo na spiriti, yajaribu kwa tone ndani ya spiriti kali: yakizama na kukaa chini kama jicho, yamekatwa kwa mafuta ya nazi au ya parafini. Yao hayakufanya hivyo, kusema haki.

Wanaume, msipulizie juu ya kanzu nyeupe. Asumini yao ni nyeusi kiasi, na doa lake halitoki kwa sabuni ya kawaida. Pulizieni kifuani, ngojeni yakauke, ndipo mvae.

Nami chupa nyengine nitaitaka kabla ya Idi. Nitamtuma mtu.